Marieta Tluway Margwe, Aliyeongoza Wageni Pwani ya Kusini na Mlima Hanang (1967–2025)

Ndugu, majirani na nyote mliofika hapa Gitting leo, Jumatatu tarehe 20 Oktoba 2025: tunawaomba mkae, tuwasimulie maisha ya Marieta Tluway Margwe. Maelezo haya yameandikwa na familia na yanasomwa na mdogo wake, Benedict.

Marieta alizaliwa tarehe 9 Agosti 1967 hapa hapa Gitting, wakati Hanang ilikuwa bado sehemu ya Wilaya ya Mbulu. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Tluway Margwe, mkulima wa ngano na maharage, na Mama Hilda. Wote wawili wametangulia mbele ya haki. Tangu utotoni alichunga ng'ombe wa baba yake kwenye miteremko ya mlima, na mara mbili aliwapoteza kwa sababu alikuwa amelala chali akimtazama tai. Mara ya kwanza alichapwa. Mara ya pili Mzee Tluway alimuuliza huyo tai alikuwa anafanya nini, naye akaeleza kwa kirefu mpaka chakula kikapoa. Hakuchapwa tena.

Alisoma Shule ya Msingi Gitting kuanzia mwaka 1976 na kumaliza darasa la saba mwaka 1982. Hakuchaguliwa kwenda sekondari. Alikaa nyumbani mwaka mmoja, kisha akajifunza ushonaji kwa masista huko Dareda kwa miaka miwili. Kushona alikuweza, ila masista walilalamika kwamba kiti chake kilikuwa kimegeuzwa dirishani siku zote.

Tarehe 24 Septemba 1988 alifunga ndoa na Mwalimu Yohanes Gidahoda wa Balangdalalu. Familia ya Mwalimu ni wafugaji na yetu ni wakulima, na kwa pande zote mbili walikuwepo wazee ambao hawakuifurahia ndoa ile. Yeye na Mwalimu hawakugombana na mzee yeyote. Walisubiri, wakasalimia, wakarudi tena kusalimia, hadi wazee wakachoka kukataa. Mungu aliwajalia watoto watatu: Evaline, Patriki na Letisia.

Mwaka 1990 Mwalimu Yohanes alihamishiwa kijiji cha Namatonga, pwani ya Lindi. Marieta alipokwenda kumuaga mama yake, Mama Hilda aliuliza watu wa Kusini wanakula nini.

"Muhogo na samaki, mama."

"Na ng'ombe?"

"Wanasema hakuna ng'ombe."

Mama Hilda akamfungia kibuyu cha maziwa ya kutosha siku mbili. Safari ilichukua siku tano.

Miezi ya kwanza Namatonga ilikuwa migumu. Kiswahili chake kilichekwa kisimani, na bahari aliiogopa. Aliyemtoa uoga ni Bi Somoe, mama mtu mzima aliyekuwa akichokoa pweza kwenye miamba maji yakipwa. Siku moja alimkuta Marieta amesimama peke yake mbali kwenye mchanga, anatazama ndege, na maji yameanza kurudi nyuma yake. Alimshika mkono, akamvuta hadi pakavu, ndipo akamsalimia.

"Wewe mtu wa bara," alimwambia, "usiwafuate ndege. Nifuate mimi kwanza."

Alimfuata kwa miaka minne. Alijifunza kupwa na kujaa, bamvua, yaani maji yanapojaa sana, na maji mafu, yanapojaa kidogo, njia za kupita kwenye mikoko, na mahali kasa wanapotaga. Wataalamu walipokuja mwaka 1994 kuhesabu ndege wa pwani, wanakijiji waliwaelekeza kwa mke wa mwalimu. Miaka miwili baadaye kijiji kiliunda kikundi cha kuongoza wageni, naye akawa mwanamke pekee ndani yake, na mtu wa bara pekee. Aliwatembeza wageni kwenye mikoko, kwenye msitu wa pwani na kwenye mdomo wa mto wenye viboko. Miezi ya Agosti na Septemba aliwapandisha kwenye mwamba mrefu kutazama nyangumi wakipita. Wageni wengi waliondoka hawajamwona nyangumi, lakini walikuwa wameambiwa mapema kwamba huenda wasimwone.

Marehemu alituagiza mapema kwamba siku ya kusomwa maisha yake, jambo la tarehe 12 Julai 2003 lisirukwe. Tunalisema kama alivyolisema mwenyewe.

Asubuhi hiyo aliongoza wanafunzi kumi na mmoja wa chuo kutoka Mtwara, mwenzake mmoja akiwa nyuma ya msafara. Palikuwa na ukungu. Kabla ya kufika mtoni aliwasimamisha, akawaeleza kwamba kiboko aliye nchi kavu hukimbilia majini, na anayesimama katikati yake na maji yuko hatarini. Aliwaambia mara mbili wasichepuke. Kijana mmoja, Alex, mwenye umri wa miaka ishirini na mmoja, alichepuka hatua kama thelathini kwenye majani marefu kumpiga picha ndege aitwaye mdiria. Kiboko alitokea upande wa pili. Marieta aliposikia kelele alikimbilia huko huko kwenye majani. Alimkuta kijana ameraruliwa paja, akamfunga kwa kanga yake. Walimbeba juu ya kitanda cha kamba kilichotolewa nyumba ya karibu, kilomita saba hadi barabarani. Njia nzima Marieta alitembea ameubana mguu ule kwa mikono miwili. Alex alifariki kabla ya kufika hospitali.

Uchunguzi ulifanyika na haukumkuta na kosa. Yeye hakukubaliana nao. "Niliwahesabu kwenye kivuko cha mikokoni," alimwambia mumewe. "Nilipaswa kuwahesabu tena kwenye majani." Aliacha kazi. Kwa miezi kumi na minne alishona nguo za shule nyumbani, na watoto wake wanakumbuka kwamba mwaka ule hakutaja jina la ndege yeyote.

Septemba 2004 alifika mama mmoja kutoka Masasi, amevaa nguo nyeusi. Alikuwa Bi Judith, mama yake Alex. Marieta alimpokea mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyemfunga mwanangu jeraha?"

"Ndiyo, ni mimi. Na ni mimi niliyemwongoza."

"Najua. Nataka unipitishe alikopita."

"Mama, sijakanyaga huko tangu siku ile."

"Mimi sijakanyaga kabisa," alisema Bi Judith. "Twende."

Walikwenda wawili tu, kesho yake, jua likiwa limepanda na viboko wamesharudi majini. Bi Judith aliuliza jina la kila ndege, na Marieta alijibu. Walipofika kwenye majani walisimama kwa muda. Bi Judith alisali, wakaendelea hadi mwisho wa njia. Wakati wa kurudi aligeuka akamtazama Marieta.

"Umenisimamisha mara tano kunihesabu," alimwambia, "na mimi ni mmoja tu."

Marieta alituambia kwamba hapo alicheka, kisha akalia, na Bi Judith vivyo hivyo. Mwezi uliofuata alirudi kazini. Tangu siku hiyo hadi mwisho wa kazi yake aliwahesabu watu wake kwa sauti kila baada ya kona, kwa Kiiraqw, lugha ya kwao, na wageni wengi walidhani anasali. Kwa miaka kumi na minne zaidi Namatonga, hakuumia mtu mikononi mwake. Bi Judith aliendelea kumpigia simu kila mwezi Julai, mpaka alipofariki mwaka 2017.

Mwalimu Yohanes alistaafu mwaka 2018, wakarudi nyumbani. Wengi tulidhani Marieta atapumzika. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa anapeleka wageni Mlima Hanang kwa njia ya Gitting, na Ziwa Balangida kutazama ndege aina ya heroe. Watoto wa shule za Mogitu na Balangdalalu aliwapeleka bure. Alijulikana kwa kurudisha watu nyuma. Kijana mmoja kutoka Arusha, karibu na kilele, mawingu yameshafunga, alimwambia, "Bibi, mimi nimekuja kufika juu." Alimjibu, "Na mimi nimekuja kukurudisha chini." Kijana alinuna hadi Gitting, na leo ameketi pale nyuma. Karibu, mwanetu.

Baada ya maporomoko ya matope ya Desemba 2023, Marieta alikataa kumpeleka mgeni mlimani mpaka aikague mwenyewe njia yote. Kazi hiyo ilimchukua miezi mitatu, kwa sababu alikuwa akisimama mara kwa mara kuvuta pumzi. Sisi tulidhani ni umri. Mei 2024, miguu ikiwa imevimba, Evaline alimpeleka Hospitali ya Haydom, ikabainika ana ugonjwa wa moyo. Alipewa dawa na kukatazwa kupanda. Alitii, jambo lililotushangaza. Aliketi chini ya njia na kumfundisha Evaline, na jioni alimuuliza habari za kila mgeni: nani alichoka kwanza, nani alikuwa na viatu vibaya, nani aliogopa na hakusema. Mwezi Agosti mwaka huu alilazwa tena kwa siku kumi na mbili, akaomba kurudishwa nyumbani.

Alhamisi tarehe 16 Oktoba, Evaline alipaswa kuwapeleka walimu tisa ziwani. Alitaka kuahirisha. Mama yake alimwambia aende, kwa kuwa walimu wale walikuwa wameomba ruhusa ya siku moja tu. Evaline alikwenda. Saa nne asubuhi, Mwalimu Yohanes akiwa ameketi kando yake, Marieta alimwomba amgeuze ubavu. Alimgeuza, akamuuliza kama yuko vizuri. Alisema, "Vizuri. Ahsante, Mwalimu." Hayo yalikuwa maneno yake ya mwisho. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na minane.

Marehemu ameacha mume, Mwalimu Yohanes Gidahoda, watoto watatu, Evaline, Patriki na Letisia, wajukuu watano, na ndugu wawili, Sara na Benedict. Familia inawashukuru waliomuuguza, waumini wenzake, wazee wa Balangdalalu, na ndugu wa Namatonga waliosafiri siku mbili kuja kumzika.

Kuhusu mazishi aliagiza jambo moja. Alisema tumalize kabla ya saa saba mchana, asizuiwe mtu kwa hotuba, kwa sababu mwezi huu mvua hunyesha alasiri na watu wa Balangdalalu wana njia ndefu. Kwa hiyo tunaishia hapa, ili kila mmoja afike kwake kungali mchana.

Mungu ampokee Marieta, na ardhi ya Gitting imlaze salama.