Ramani Iliyopewa Jina la Slamet

Benchi la Yu Tun liko pale uchochoro unapotokea barabarani, mkabala na duka la kuchapishia ramani, na tangu alfajiri halikosi makalio ya watu wa fani hiyo: wachoraji, wapimaji, na wale waliowahi kuwa ama kimoja ama kingine. Kahawa ya Yu Tun humiminiwa glasini pamoja na unga wake, na mnywaji hungoja machicha yatulie chini. Mji mzima wa Surabaya unajua kwamba katika kungoja huko ndipo watu wazima wanapoharibikiwa na akili.

Asubuhi hiyo Ratri alikuwa na karatasi pana mapajani na kahawa yake haijaguswa. Karatasi ilikuwa ya mabomba ya nyumba ya kupangisha wanafunzi. Vyoo vilikuwapo, mabeseni yalikuwapo, mabomba yalipita kila yalipopaswa kupita. Nyumba ndiyo haikuwapo. Hapakuwa na ukuta hata mmoja. Mahali pa kuta paliandikwa tu, kwa herufi ndogo, Nyumba ya Lastri.

Mwenye nyumba, Bu Lastri, alikuwa njiani kuja kuchukua ramani ili mafundi wachimbe msingi kesho. Ilikuwa kazi ya kwanza ya Ratri tangu aache ofisi kubwa ya wachoraji, na Bu Lastri hakumficha: akiikosa ramani leo, kazi yote anaipeleka ofisi ileile. Mama yake Ratri alikuwa amekwisha kumwambia kwamba hakuna aibu kurudi ulikotoka. Ndiyo maneno aliyoyaogopa kuliko kuchelewa kwenyewe.

Alikuwa amejipanga vizuri. Bu Lastri ni mtu wa kubadili vyumba kila wiki, kwa hiyo Ratri alichora kuta katika faili moja peke yake, kisha faili la mabomba na la umeme akayaunganisha nalo, yawe yanaziita kuta kutoka nje kila yanapofunguliwa. Ukuta ukisogezwa kule, na huku umesogea. Ofisini kazi hiyo ya kuunganisha ilikuwa ya mkubwa wao. Yeye alizoea kuyakuta yameshaunganishwa.

Lakini faili la kuta lilikuwa gonjwa. Kila likifunguliwa, kompyuta inazimika. Alipolalamika pale benchini, Pakde Kipimo, binamu mkubwa wa mama yake na mpima ardhi mstaafu, aliuliza kwa nini linateswa na jina lisilolifaa. Mtoto akiuguaugua hubadilishwa jina. Baba yake Kipimo mwenyewe alizaliwa Bambang akazeeka akiitwa Slamet, yaani salama. Basi jana Yu Tun alipika uji mwekundu na mweupe, kama mila ya kubadili jina inavyotaka, watu wakala, na faili likaitwa Slamet. Likafunguka bila kukohoa. Ratri alilala usingizi mzuri. Mabomba hakuyafungua hadi leo, dukani.

— Ni uji, alisema Wino, mwenye duka la kuchapisha, ambaye vidole vyake havijawahi kuonekana vyeupe. Yu Tun, sukari uliipima?

— Ulikula mabakuli mawili, Cak, kaka yangu. Ungeniuliza kwenye la kwanza.

— Mimi nasema ni mashine yako, alisema Kipimo. Debe tupu haliachi kuvuma.

— Mashine yangu imechapa vyoo vyote, Cak Kipimo. Itachagua kuacha kuta ili iweje? Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Huyu binti kaziba ufa jana. Leo ukuta atautoa wapi?

Ratri alimwambia kwamba methali hiyo haina maana hiyo. Wino akajibu kwamba methali ni kama suruali ya kaka mkubwa, unaikunja mpaka ikutoshe.

Kipimo aliinua karatasi juani, akaigeuza, akasema jina jema hung'ara gizani, huenda kuta zinaonekana taa zikizimwa. Yu Tun alimnyang'anya kabla hajaidondoshea kahawa. Wino naye akaja na la kwake: kuta zimekwenda kwenye ramani ya mtu mwingine, kwani mwezi uliopita alichapa msikiti wenye kuta nyingi kupita kiasi. Kipimo alilipima hilo kwa uzito wote wa mtu aliyepima nusu ya mji, akauliza msikiti wenyewe uko mtaa gani.

— Pakde, alisema Ratri, Bu Lastri anakaribia kufika.

— Tulia, Nduk, binti yangu. Kwanza angalia, faili limeandika jina la nyumba. Maana yake linaijua nyumba. Limenuna tu.

Hapo ndipo Bu Lastri aliposhuka kwenye pikipiki ya kukodi, kofia bado kichwani. Alichukua karatasi, akaitazama.

— Wanafunzi wangu wataoga uwanjani?

Ratri alisimama akamweleza yote, ugonjwa, uji na jina, bila kumtaja aliyetoa shauri. Kipimo alikohoa akajitaja mwenyewe. Bu Lastri hakucheka. Alikaa benchini, akavua kofia.

— Mwanangu wa pili tulimbadilisha jina pia. Nilizunguka uchochoro mzima na visahani vya uji, mlango kwa mlango, nikiwaambia wasimwite tena lile la zamani. Uji wenu nyinyi ulikwenda kwa nani?

Wino alimtazama Kipimo. Kipimo alimtazama Yu Tun. Yu Tun akasema uji uliishia hapohapo benchini.

Ratri aliyarudia kwa macho yale maandishi madogo katikati ya karatasi, Nyumba ya Lastri, jina la zamani la faili la kuta, yaliyosimama pale peke yake kama mtu anayeita kwenye nyumba iliyohamwa. Aliacha kahawa, akavuka barabara, na Wino akamfuata mbio akipangusa mikono.

Kwenye kompyuta aliyaonyesha mabomba alipo Slamet, kisha akauonyesha umeme. Kuta zikaja zote kwa mkupuo, na vyoo vikaingia vyumbani mwao.

Bu Lastri alizipokea karatasi pale benchini zikiwa bado na joto. Alipitisha kidole ukutani, polepole, chumba kwa chumba, akafika kwenye chumba cha pembeni akasimama.

— Hiki hapa. Kisogezwe kidogo upande wa ngazi.

Wino alifumba macho. Kipimo akaanza methali, Yu Tun akamzuia kwa kipande cha tempe ya kukaanga.

— Nitamsogeza Slamet, alisema Ratri, akirudi kwenye kompyuta. Hawa wengine watamfuata.