Paskazia Ndaki, Aliyewalisha Wachimbaji wa Segese Nyama ya Kituruki

Mpendwa wetu Paskazia Ndaki Mageni, tunayemzika leo Alhamisi, 12 Machi 2026, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1988 hapa Bulungwa, Ushetu. Alikuwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Ndaki Mageni, mkulima wa tumbaku, na Mama Melania. Ninayesoma ni Asteria, dada yake mkubwa. Naomba mnivumilie, maana sikuwahi kufikiri kwamba mimi ndiye nitakayemsomea yeye.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa kijijini kuanzia 1996 hadi 2002, akaendelea na sekondari mpaka kidato cha pili. Baba alipovunjika nyonga, Paskazia aliacha shule akaenda Kahama kupika kwa mama lishe. Hakulalamika. Alisema tu kwamba hesabu zilikuwa zimeshamshinda.

Mwaka 2022 alipata kazi jikoni kwenye kambi ya wajenzi wa reli karibu na Isaka. Mpishi mkuu, Mturuki waliyemwita Usta, alimfundisha kupanga nyama kwenye chuma, kuizungusha mbele ya moto, kuikata nyembamba na kuiviringisha ndani ya mkate na nyanya na vitunguu. Kambi ilipofungwa, Machi 2024, alifungua mgahawa wake Segese. Watu wakauita Kwa Mturuki, ingawa hakuna Mturuki aliyewahi kukanyaga humo. Wachimbaji walitoka duarani, kwenye mashimo ya dhahabu, na vumbi lao, wakaketi, wakala. Siku alipowaletea mtindi wa maji na chumvi, kama wa Usta, mchimbaji mmoja, Maduhu, alisukuma glasi.

"Mama Loveness, sisi tumekulia kwenye ng'ombe. Nani kakwambia maziwa yanatiwa chumvi?"

"Kunywa kwanza, ndipo uniite mchawi."

Maduhu alikunywa glasi tatu. Leo ni mmoja wa waliobeba jeneza.

Tarehe 21 Aprili 2012 Paskazia alifunga ndoa na ndugu Mwita kanisani Kahama, na mwaka 2016 wakajaliwa mtoto wao wa pekee, Loveness. Mtoto huyu hakuwa mlaji. Kila jioni mama yake aliketi naye kwenye meza ya pembeni pale mgahawani, akamkazia macho mpaka amalize. "Kula, mayu, nikuone," alimwambia, akimwita mama kwa Kisukuma.

Juni 2025 ugali ulianza kumkwama kooni. Hospitali ya rufaa Mwanza ikatuambia ni saratani ya njia ya chakula, na imeshasambaa. Tulihangaika naye. Mionzi, maombi, Geita kwa mtu wa miti shamba, na kila tuliporudi alikuwa amepungua. Ikabaki uji, kisha mtindi wake wa chumvi, kisha na huo ukakataa. Mwanamke aliyelisha Segese nzima alikufa kwa njaa mikononi mwetu, ndugu zangu, na hatukuwa na la kufanya. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Jumapili, 22 Februari, alimwomba Mwita ampeleke mgahawani, aketi kama mteja. Tulimwegemeza kwa mito kwenye ile meza ya pembeni. Akaweka kipande cha nyama mdomoni, akatafuna kwa muda mrefu, akakitema kwenye kitambaa.

"Chumvi imepungua," alimwambia mpishi.

Kisha akaisogeza sahani kwa Loveness. "Kula, mayu, nikuone." Mtoto alikula yote huku machozi yakimdondokea kwenye mkate. Paskazia alitabasamu, na baada ya siku ile sikumwona akitabasamu tena. Alifariki nyumbani kwake Segese, Jumanne, 10 Machi, alfajiri.

Ameacha mume, Mwita. Mama yetu, Melania. Sisi ndugu zake wanne. Na Loveness, mwenye miaka tisa, ambaye tangu Jumanne hajatia kitu mdomoni. Ukimsogezea sahani anauliza, "Nani ananiangalia?"

Pumzika kwa amani, mdogo wangu. Nitamwangalia mimi, ingawa macho yako sina.