Nikodemo Shemweta na Wagonjwa wa Siku ya Gulio

Ndugu waombolezaji, mimi Sefania, kaka yake marehemu, nimepewa na ukoo kazi ya kuwasomea maisha yake, nami nitayasoma yote, pamoja na mwaka 1936, ambao karani mmoja wa hospitali alikuja jana kutuomba tuuruke, tuseme tu kwamba marehemu alistaafu.

Nikodemo Shemweta alizaliwa Mgwashi tarehe 14 Machi 1899, akasoma shule ya misheni tangu 1908 hadi 1914, na tarehe 2 Februari 1922 akaajiriwa kufagia katika hospitali moja ya milima hii, ambayo jina lake ninalijua ila sitalitaja mbele ya jeneza. Tarehe 9 Oktoba 1926 alifunga ndoa na Klara binti Yohane, wakajaliwa watoto watano, na kufikia 1929 alikuwa amefundishwa hadubini, akawa mpimaji wa choo cha wagonjwa wa safura, hata watani wake wa Magoma wakamwita Bwana Choo, naye akaitika.

Mwaka 1936 daktari aliyemsimamia alitaka kujua ipi ni bora, dawa ya safura ya zamani au mpya, akaamuru wanaokuja siku ya gulio wapewe mpya, na wa siku nyingine wapewe ya zamani. Ile mpya ikaonekana kushinda, ikawa tayari kupelekwa zahanati zote. Nikodemo aliona kosa, kwa kuwa alijua anayekuja siku ya gulio amepanda mlima kwa miguu yake, na mzigo wa maharage kichwani, ila asiyejiweza husubiri siku nyingine, vijana wapate nafasi ya kumbeba kwa machela. Akalipitia upya daftari lote, akalinganisha waliotembea kwa waliotembea, na waliobebwa kwa waliobebwa, akakuta dawa mpya haikuwazidishia nafuu wenye nguvu, na kwamba ni wagonjwa watatu tu waliobebwa siku ya gulio wakapewa dawa hiyo, na wote walikufa. Daktari alimwambia arudi kwenye vioo vyake vya hadubini, akajibu kwa adabu kwamba waliokufa nao ni hesabu, Bwana.

Tarehe 30 Novemba 1936 alifukuzwa, kwa barua isemayo amebuni hesabu. Alituma hesabu hiyo makao makuu mara nne, na mwaka 1938 dawa ile ikaondolewa kimya kimya, lakini barua haijafutwa hadi leo. Kwa hiyo karani aende akaseme kwamba Nikodemo hakustaafu, alifukuzwa kwa kusema kweli.

Aliugua kifua tangu Mei 1951, akafariki tarehe 3 Agosti 1952. Tunawashukuru waganga waliomtibu, majirani waliombeba, na wapimaji wenzake waliothubutu kuja leo. Daftari la hospitali liliwapa wale watatu waliokufa namba, daftari lake mwenyewe la nyumbani likawapa majina: Mwamvita binti Suleimani, Kristofa Sheshe, Asha binti Mussa.

Pumzika kwa amani, Nikodemo, hesabu yako ilikuwa sahihi, na imesomwa mbele ya watu.