Mzee Elisaria Akyoo na Gitaa la Bati Tulilolinyamazisha

Wapendwa waombolezaji, majirani na wanakwaya wenzake, tunaomba mtusikilize tunapomweleza baba yetu kwa ufupi. Ninayesoma ni Calvin, mwanawe wa kwanza.

Mzee Elisaria Gadiel Akyoo alizaliwa tarehe 14 Machi 1953 hapa Akheri, Meru, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa marehemu Mzee Gadiel na marehemu Bibi Theresia. Alipata kipaimara mwaka 1967.

Alisoma hapa hapa kijijini, akamaliza darasa la saba mwaka 1968. Kuendelea hakukuwezekana, kwani kihamba cha babu kilikuwa na migomba mingi kuliko mikono ya kuihudumia.

Mwaka 1971 alikwenda Kijenge kujifunza ufundi wa rejeta za magari, na mwaka 1981 akafungua karakana yake Daraja Mbili. Kwenye kazi hakuwa na mzaha. Rejeta aliyoitengeneza ikivuja, hakula siku hiyo. Sisi watoto tulikulia humo karakanani, na somo letu la kwanza lilikuwa hili: kinachotikisika kikaze, kinachovuja kizibe.

Tarehe 22 Desemba 1979 alifunga ndoa takatifu na mama yetu, Anyesi, wakajaliwa watoto watatu. Mama anasema alikuwa mpole siku zote, ila usiguse gitaa lake.

Gitaa hilo wengi mnalijua. Alilikuta mwaka 1984 katika duka la vifaa vya ujenzi la Mzee Prakash, Levolosi, alipopeleka rejeta ya lori. Lilikuwa limening'inia katikati ya ndoo, mwili wote chuma. Baba akaligonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza.

"Hili halivuji," akasema.

Mzee Prakash alicheka mpaka akatafuta kiti. "Fundi, hilo ni gitaa, siyo rejeta! Haya, lichukue."

Alijifunza mwenyewe, akalipiga katika kwaya ya usharika miaka arobaini. Ndani yake mna bakuli la alumini, jembamba sana, linalotetemeka nyuzi zikipigwa. Sauti inatoka humo. Kila mwaka masika yakiisha Baba alilifungua, akafuta ukingo, akalirudisha bakuli mahali pake taratibu. Tulikuwa tukipita tu tukimwona. Hakuna aliyewahi kumwuliza anafanya nini.

Tarehe 3 Februari mwaka huu, 2025, alipatwa na kiharusi. Kilimchukulia mkono wa kulia na usemi wote. Baba akiwa bado wodini, dada yangu Jackline alisema, "Baba haongei tena. Basi angalau gitaa lake limsemee." Nalo lilikuwa limeanza kukwaruza tangu Krismasi. Mimi na mdogo wangu Solomoni tukalifungua ili akirudi alikute zima. Tukakuta bakuli limekaa tu kwenye ukingo wake, halina hata skrubu moja. Watoto wa fundi rejeta, tungefanya nini? Tukalizungushia gundi ya chuma, likakamata barabara. Mkwaruzo ukaisha, na sauti ikaisha pamoja nao.

Baba aliporudi nilimpigia hivyo hivyo, nikijidanganya kwamba labda ni masikio yangu. Alisikiliza kidogo tu, akageuzia uso ukutani.

Tulijaribu kulibandua bakuli, likachanika. Fundi wa masufuria akatufulia lingine, likalia kama sufuria. Riya, mjukuu wa Mzee Prakash, akalitafuta mtandaoni. "Shikamoo kaka Calvin," aliniambia kwenye simu, "bakuli lipo, lakini linatoka ng'ambo. Ni miezi miwili." Daktari hakutuahidi hata mmoja.

Wiki yake ya mwisho alinyoosha mkono wa kushoto kuelekea gitaa, tukamwekea kifuani. Akapiga uzi mmoja. Du. Akapiga tena, na tena, mpaka Mama akamshika vidole.

"Baba Calvin, inatosha. Hawakujua."

Machozi yalikuwa yanamtoka Baba. Mimi nilisimama pale na mikono yangu miwili mizima, sina la kufanya.

Alifariki dunia hapa nyumbani Jumamosi, tarehe 17 Mei 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka 72. Gitaa lilikuwa bado bubu.

Mchungaji alinishauri kwa upole habari hii niiache. Mama akasema, "Isome yote." Kwa desturi yetu, familia humwombea marehemu msamaha kwa wote aliowakosea, nasi tunawaomba hivyo. Lakini wakosaji tunaojulikana hapa leo ni sisi, na tuliyemkosea hawezi kutujibu.

Ameacha mjane, Anyesi, watoto watatu, Calvin, Jackline na Solomoni, wajukuu saba, na dada yake, Shangazi Susana.

Baba, ulikuwa umebakiwa na sauti moja tu, na sisi wanao ndio tuliokunyang'anya. Utusamehe. Bwana akupumzishe kwa amani.