Benedicto Nkunzimana na Ndege wa Mlango wa Nyarubanga

Marehemu Benedicto Nkunzimana alizaliwa tarehe 14 Agosti 1968 huko Gwarama, wakati huo bado ikiwa Wilaya ya Kibondo. Wazazi wake wote wawili wametangulia. Alipofiwa nao akiwa mdogo alichukuliwa na baba yake mdogo, Bazilio, ndiye huyu anayewasomea wasifu huu, na ndiyo maana alikua vizuri. Wenye wivu waseme yao. Alikuwa mtoto mwenye miguu mirefu kuliko mahitaji. Walipohamia kijiji cha Nyarubanga, pale mto wa jina hilo unapomwaga maji yake Malagarasi na kujitandaza kuwa mafunjo na matope, alikuwa akishinda majini akiwatazama umusambi, wale ndege wakubwa wenye taji la dhahabu kichwani. Katika ukoo huu ni mwiko kuwarushia jiwe. Benedicto hakuhitaji kuambiwa mwiko. Alikwisha kuwa mmoja wao, miguu ilishuhudia.

Alisoma shule ya msingi Gwarama na Nyarubanga, akamaliza mwaka 1984, kisha akachaguliwa kwenda sekondari mjini Kasulu hadi kidato cha nne mwaka 1988. Alirudi na Kiswahili cha redioni. Baba yake mdogo, aliyeishia darasa la tano kwa sababu darasa la sita lilimwogopa, alikuwa akiombwa chumvi kwa maneno ambayo ilibidi yatafsiriwe na jirani. Nyumbani sisi husema Kiha, na Kiswahili tunakivaa tukienda kwenye mkutano. Yeye alilala nacho.

Tarehe 21 Oktoba 1995 alifunga ndoa na Loyce, mwalimu kutoka Kasanda. Mshenga alikuwa Bazilio, mshenga hodari kuliko wote wilaya nzima, na hilo hakuna aliyelipinga mbele yake. Ngoma ilipopigwa, bwana harusi alitanua mikono, akainamisha kichwa, akaruka juu na kutua taratibu kama umusambi dume anayembembeleza jike. Mama mkwe aliuliza kwa upole kama kijana ana kifafa. Loyce aliinuka akamjibu mumewe kwa mruko wa pili.

Mwaka 1998 aliajiriwa kuwa mtendaji wa kijiji, akafanya kazi hiyo kwa miaka mingi bila kupigiwa kelele, jambo ambalo watendaji wenzake waliomo humu wanalijua uzito wake. Alipoona mashamba yanasogelea mlango wa mto, kila kiangazi hatua chache zaidi, aliandika sheria ndogo ya kijiji. Katika mkutano mkuu wa Juni 2016 aliisoma kwa sauti yake ya redioni: ni marufuku kulima wala kuchoma moto katika makazi ya korongo. Mikono yote ilinyanyuka. Hakuna sheria iliyowahi kupita Nyarubanga kwa furaha namna ile.

Jioni hiyo Bazilio alimtania kwamba watu wamempongeza kwa kulilinda lile bonde lililochimbwa na mvua karibu na barabara ya sokoni. Kwetu hilo ndilo korongo, shimo la mmomonyoko. Ndege ni umusambi. Hakuna bibi Nyarubanga aliyewahi kumwita korongo. Benedicto alicheka, akasema kila mtu ameelewa. Kusema umusambi mbele ya afisa wa wilaya aliyehudhuria mkutano aliona ni ushamba.

Julai 2017 mafunjo ya mlangoni mwa mto yalichomwa ili kupanda maharage na mboga. Makinda yalikuwa hayajaota mbawa za kurukia. Benedicto aliwaita waliochoma ofisini, akiwa amejaa hasira na majivu mpaka kope. Mama mmoja, Ndayikeza, alimjibu kwa heshima zote.

"Mtendaji, sheria yako tumeitii. Korongo hatujaligusa. Nenda ukaangalie."

Alikwenda. Alilikuta korongo la barabarani limesafishwa, limepandwa majani kingo zote, hata mbuzi wamezuiwa. Alikaa pale ukingoni mpaka alipofuatwa. Ndege wakubwa walizunguka juu ya majivu jioni ile na zilizofuata, wakiita, halafu wakaondoka. Hawajaonekana tena.

Lakini yeye aliendelea kuwasikia. Katikati ya kikao alikuwa akinyamaza ghafla, kichwa upande. Aliweza kuacha ugali sahanini akasimame mlangoni pa nyumba. Loyce alimuuliza, "Baba Brighton, unasikiliza nini?"

"Wanauliza," alisema.

"Nani?"

Aliinamisha tena kichwa upande. Loyce anasema baadaye aliacha kumuuliza, kwa sababu siku moja alisimama naye pale mlangoni, na hana hakika kwamba hakusikia kitu.

Mwaka 2018 aliomba kuacha utendaji. Alichukua sehemu ya ukoo iliyoko mlangoni mwa mto, akaacha mafunjo yaote, akayalinda. Hakuchoma, hakukata hata ya mkeka. Wapita njia walipaita shamba la marehemu, naye akiwa hai anawasikia. Yangeyange walirudi, kwarara wakarudi, bata maji nao. Umusambi hawakurudi.

Novemba 2024 alianza kuvimba miguu, ile ile tuliyoitania. Yalikuwa mafigo. Alitibiwa Kibondo, kisha Kabanga, ambako waganga na wauguzi walimhudumia kwa moyo, familia inawashukuru. Alifariki Kabanga asubuhi ya tarehe 9 Machi 2025. Siku chache kabla, alimwomba Bazilio asogeze kiti.

"Baba mdogo, ile sehemu ya mlangoni msiigawe."

Bazilio alimuuliza, na wasiporudi je?

"Wasiporudi, ni juu yao. Mahali pawepo."

Juzi ukoo ulikaa. Brighton, mtoto wake wa kwanza, ana mke na mtoto na hana hata tuta la viazi. Alisema neno ambalo hakuna aliyemlaumu kwalo: "Babu, ndege wasiokuwepo wameachiwa ardhi. Mimi niliyepo naachiwa nini?" Ndipo Bazilio, mtu asiyejulikana kabisa kwa kutoa kitu, alipomkatia Brighton shamba lake la juu, lile la karibu na kisima, lenye migomba anayojivunia kila mnapomkaribisha pombe. Anaomba msimsifu, maana bado linamuuma. Sehemu ya mlangoni haikugawiwa. Jana jioni watu wa ukoo walishuka kuiona mipaka yake. Mafunjo yalikuwa yamesimama, maji yamelala chini yake. Mmoja wetu alianza kuzungumza, na sote, bila kuambiana, tukamwashiria anyamaze. Tulikaa hivyo, tumetega masikio, mpaka giza likaingia, kisha tukapanda nyumbani bila kutazamana.

Marehemu ameacha mjane, Loyce, watoto wawili, Brighton na Esteri, mjukuu mmoja, baba mdogo mmoja, ambaye kwa haki ndiye aliyepaswa kusomewa wasifu kwanza, na ekari mbili za matope zisizo na mrithi. Mwenye jembe asikanyage pale. Mungu ampokee Benedicto wetu, ampe pumziko la amani.