Zénon na Taa ya Zahanati

Waombolezaji wapendwa, ndugu wa Buyenzi nanyi mliovuka kutoka Uvira, mimi Sébastien, mdogo wake, nimetumwa na familia niwasomee safari ya kaka yetu Zénon.

Alizaliwa Uvira tarehe 14 Agosti 1961, akasoma shule ya msingi hapohapo hadi 1974, karo ikakatika, akajifunza umeme wa magari kwa mjomba wetu, na mwaka 1983 akaja Bujumbura kwenye garaji ya Mzee Huseni, ambako alifufua betri zilizokufa mpaka siku zake za mwisho, mkaidi kuliko betri zenyewe.

Tarehe 7 Januari 1995, vita vikiwa vimewaka, alifunga ndoa na Marguerite, na tarehe 3 Novemba 1996 mtoto wao wa kwanza alizaliwa katika zahanati ya mtaani kwetu, umeme umekatika, betri ya taa imezima, mkunga akipapasa gizani, na mtoto huyo hakuuona mchana.

Betri ile iliharibika kwa sababu kitambaa chembamba cha kutenganisha sahani zake za madini ya risasi kilioza, sahani zikagusana, na kwa vikwazo vya biashara kitambaa kingine hakikupatikana hata katika maduka ya mtaa wa Asiatique. Marguerite aliposhika mimba tena, kaka yetu aliamua kukitengeneza mwenyewe, akayeyusha maganda ya plastiki ya betri kuukuu, akaipuliza plastiki hiyo kwa upepo wa kompresa hadi ikawa nyuzi kama za buibui, zikatua juu ya wavu, akazibana kwa pasi ya makaa. Kitambaa cha kwanza kiliungua, cha pili kilikataa kupitisha tindikali mpaka alipokifua kwa sabuni, kisha nacho kikatoboka, na moshi ukazidi kumjaa kifuani. Tulimsihi aache, akajibu, “Apana, mutoto hatazaliwa mu giza tena.”

Kikohozi kilimwangusha mwezi wa Aprili, akalazwa tarehe 2 Mei, na Jumamosi tarehe 9 Mei 1998, saa tisa alasiri, akatutoka. Neno lake la mwisho lilikuwa swali, kama taa inawaka, nasi tukainamisha vichwa kwa sababu ilikuwa haiwaki, na uchungu huo unatutafuna hadi sasa.

Kwa desturi ya wasifu wa marehemu, watoto hutajwa kabla ya kifo, lakini kwa Zénon mambo yamegeuka. Jana rafiki yake Shakuru alitia ndani ya betri ya zahanati vitambaa vya mwisho alivyoviacha marehemu, na leo alfajiri Marguerite amejifungua binti katika zahanati ileile, wote wazima, ndiyo maana hayupo hapa.

Tunawashukuru madaktari, mkunga Dévote, majirani waliotupikia, na mafundi wa Buyenzi waliofunga garaji zao ili waje kumsindikiza.

Zénon, uliuliza, hatukukujibu. Inawaka, kaka. Sasa pumzika.