Januari Aliyoiandika Bi Sayrakan

Tarehe 31 Machi, baada ya miaka thelathini na minane ya utumishi, Bi Sayrakan Jumagulova anakabidhi funguo za kituo chetu cha hali ya hewa cha Kara-Jylga.

Alianza akiwa na miaka ishirini, akisoma vipimajoto kila baada ya saa tatu. Siku aliyojifungua mwanawe wa kwanza alisoma kipimo cha asubuhi, ndipo akaenda hospitali. Cha mchana alisoma mumewe, Kubat, akakosea, na hajaacha kukumbushwa mpaka leo.

Lakini kuna Januari moja ambayo bado haijatutoka mwilini.

Kwetu mwezi huo ni nyuzi ishirini na tano chini ya sifuri, na mto huganda ukawa barabara ya magari. Mwaka juzi, adhuhuri ya tarehe 17, Bi Sayrakan alisoma nyuzi tisa juu ya sifuri. Akakifuta kipimajoto, akasoma tena. Akaleta cha akiba, akakitumbukiza kwenye ndoo ya maji na theluji: kikaonyesha sifuri, kama inavyotakiwa. Akakipeleka kibandani, vinakotundikwa vipimajoto. Tisa na nusu. Akakaa chini kwenye tope, yeye ambaye hakuwahi kuona tope mwezi huo tangu azaliwe.

Aliyepokea simu yake ofisi ya mkoa ni mimi, ninayeandika maneno haya.

“Dada, umesahau alama ya kutoa,” nilimwambia.

“Sikusahau.”

“Basi kipimajoto kimekufa. Weka kutoa tisa, wakubwa wasije wakatucheka.”

“Azamat, mdogo wangu, ni tisa. Ukitaka nyingine, njoo uiandike kwa mkono wako na utie sahihi yako.”

Sikwenda. Nilidhani amechoka.

Alipoweka simu, akayatazama madaftari ya wiki nzima, joto likipanda siku hadi siku, na hapo akaukumbuka mto. Akatoka mbio na viatu vya ndani. Lori la Doolot, mfugaji wa kondoo, lilikuwa linateremka ukingoni na shehena ya majani makavu, watu sita wamekaa juu yake. Bi Sayrakan akasimama mbele ya lori.

“Mama, hebu toka njiani,” Doolot alisema. “Baba yangu alivuka hapa kila Januari.”

“Hii hakuivuka. Kama unapita, anza na mimi.”

Juu ya majani watu wakacheka; mmoja akauliza kama mama wa kituo siku hizi anapima na pombe. Doolot akazima injini, akashuka amenuna. Walikuwa bado wanabishana barafu ilipolia, ikapasuka ukingo hadi ukingo, na maji meusi yakaonekana yakienda. Doolot alivua kofia, akabaki ameishika.

Wataalamu walikuja kutoka mji mkuu na vifaa vyao. Hawakupata kosa. Hakuna Januari nyingine katika madaftari yetu iliyoukaribia wastani wa ile.

Dada, nakiri haya mbele ya wafanyakazi wote: ungenisikiliza, ripoti ingependeza na watu saba wangekuwa chini ya barafu. Asante kwa kunikatalia.

Tunakuombea afya, wajukuu tele, na majira ya baridi yenye baridi.